Dada Fundi Anajibu: Simu Kubwa, Mkono Mmoja

Mwezi huu barua karibu zote zinahusu simu kubwa. Sijui ni bonasi zimetoka au ni zamu za upatu zimeangukiana, ila siku hizi mtu akifika mezani kwangu hapa Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, anachomoa simu kwenye mkoba kama anachomoa daftari. Nimechagua barua chache na kufupisha salamu, maana wengine mnanisalimia mpaka karatasi inaisha.

*

Dada Fundi, nakaa Kimara, kazi yangu iko Posta. Simu yangu ya zamani iliibiwa, mume wangu akaninunulia nyingine ya inchi 6.8. Betri inakaa, picha safi, sina neno. Lakini kwenye mwendokasi nimeshika bomba kwa mkono mmoja, ule mwingine ndio wenye simu, na gumba halifiki juu. Imeshaniponyoka, kona ya kioo ina ufa. Sasa hata gumba lenyewe linauma mpaka kwenye kifundo cha mkono. Ni mikono yangu midogo, au nimeuziwa simu mbovu? — Mama Wawili, Kimara

Mama Wawili, pole sana. Mikono yako mizima, na simu haina ugonjwa. Simu ya saizi hiyo inataka mikono miwili, nawe una mmoja tu wa kuipa. Walioichora hawakukuona ukibanwa mlangoni pale Ubungo.

Tuanze na uzito. Nokia 1100, ile ya tochi, ilitoka mwaka 2003 ikiwa na gramu 86. iPhone 14 Pro Max ya 2022 ina gramu 240. Hapo hujaivalisha kava, hujabandika protekta, hujapachika pete ya kushikia. Ukishaipigilia lile kava zito la mpira lenye kona zilizovimba, unakaa kwenye foleni saa nzima unasoma ujumbe wa kikundi cha shule, halafu unashangaa mkono umechoka.

Na uzito wenyewe haukugawanywa sawa. Kamera ziko juu, na siku hizi kamera ndiyo fahari ya simu, kwa hiyo vioo vyote na vyuma vyake vimejazana huko. Wewe unashika chini, kwa sababu herufi za kuandikia ziko chini. Simu inataka kuanguka kichwa mbele muda wote, na anayeizuia ni kidole chako cha mwisho ulichokipachika karibu na tundu la chaja. Kiangalie leo usiku ukimaliza kuchati, utakikuta na alama.

Sasa inchi. Hapa wauzaji wanatupiga chenga. Inchi wanazozitangaza hupimwa kona hadi kona ya kioo, kimshazari. Hazisemi chochote kuhusu upana, na kiganja kinajali upana. iPhone 6 Plus ya mwaka 2014 ilikuwa na kioo cha inchi 5.5 tu, lakini mwili wake ulikuwa na milimita 77.8 kwa upana. iPhone 15 Pro Max ya 2023 ina kioo cha inchi 6.7, na upana wake ni milimita 76.7. Kioo kimekua kwa zaidi ya inchi nzima, mwili umepungua milimita moja! Ni kwa sababu kingo nyeusi zimenyolewa, kitufe cha chini kimeondolewa, na simu zenyewe zimerefushwa. Samsung Galaxy S24 Ultra ina upana wa milimita 79, ndugu yake S24 ya kawaida ana 70.6 na gramu 167. Milimita nane ukiziangalia kwenye rula ya mtoto utacheka. Kwenye kiganja ndizo zinazoamua kama gumba litafika au halitafika.

Ndiyo maana mteja akiniomba ushauri wa kununua, simuulizi bajeti kwanza. Namwambia aishike simu kwa mkono wake wa kila siku, kiganja kitulie, kisha aguse ukingo wa upande wa pili kwa gumba, usawa wa katikati ya kioo. Akilazimika kusogeza kiganja, upana umemshinda, airudishe kabatini. Na aijaribu ikiwa na kava, maana hakuna anayetembea nayo uchi hapa mjini. Urefu una dawa. Upana hauna.

Dawa ya urefu unayo tayari humo ndani, ni vile hakuna aliyekuonyesha. Fungua Mipangilio, kuna kisanduku cha kutafuta juu, andika "mkono mmoja". Kama simu yako inaongea Kiingereza, andika "one hand". Ukiiwasha, unatelezesha kidole kwenda chini pale ukingo wa chini kabisa wa kioo, na kila kilichokuwa juu kinashuka kukufuata. Kwenye Android ya kawaida imekuwepo tangu toleo la 12, la mwaka 2021. Apple waliweka yao mwaka 2014, mwaka uleule walipotoa simu kubwa kwa mara ya kwanza. Yaani walijua.

Herufi nazo zinasogezwa. Kama unatumia kibodi ya Google, kandamiza alama ya mkato bila kuachia, utaona kialama cha kutumia mkono mmoja. Chagua, kibodi yote inajibana kulia au kushoto. Siku mbili za kwanza itakukera. Vumilia, gumba litakushukuru.

Kuponyoka: migongo ya simu nyingi nzuri ni kioo kitupu, na jasho la Dar unalijua. Weka kava lenye mgongo mkavu unaokwaruza kidogo, si lile la kung'aa. Pete ya nyuma inasaidia sana kwa sababu inakitoa kidole cha mwisho kazini, uzito unahamia kwenye vidole viwili vya katikati. Lakini ibandike chini kidogo ya katikati. Watu wengi wanaibandika katikati kabisa, halafu gumba linarudi palepale pa kutofika herufi za chini. Kamba ya shingoni mimi sikushauri ukiwa unatembea kando ya barabara. Vishandu wakipita na pikipiki wakaivuta, wanaivuta na wewe. Kamba fupi ya mkononi ndani ya basi sawa, ukishuka simu iende kwenye mkoba, zipu ifungwe, mkoba uwe mbele.

Ule ufa wa kona, kama mguso bado unafanya kazi sehemu zote, usikimbilie kubadilisha kioo. Bandika protekta ili vipande visikukate na unyevu usipenye, endelea na maisha. Kioo kamili cha simu kubwa ni ghali, na wakati mwingine fundi mkweli atakwambia bei yake inakaribia simu nyingine.

Gumba ndilo linalonitia wasiwasi. Mimi ni fundi wa simu, si daktari, ila haya ni maumivu yanayojulikana tangu kabla ya simu za mkononi. Daktari wa upasuaji wa Uswisi aitwaye Fritz de Quervain aliyaeleza mwaka 1895, na mpaka leo yanaitwa kwa jina lake: kano zinazoendesha gumba zinabanwa pale zinapopita kwenye kifundo. Kina mama wenye watoto wachanga huyapata sana kwa kunyanyua mtoto. Kunja gumba ndani ya ngumi, kisha inamisha ngumi kuelekea upande wa kidole cha mwisho, taratibu. Ikikuchoma pale chini ya gumba, nenda hospitali ukaangaliwe, na kwa sasa tumia ujumbe wa sauti badala ya kuandika.

Umeuliza pia, nimelikata kwenye barua, nani alituletea mambo haya. Mwaka 2010 Steve Jobs wa Apple aliwaambia waandishi wa habari kwamba simu ambayo mkono hauwezi kuizunguka haitapata mnunuzi. Mwaka uliofuata Samsung wakatoa Galaxy Note ya inchi 5.3, watu wakaicheka, ikauzika. Apple wakafuata. Walipogeuka na kujaribu simu ndogo, iPhone 12 mini mwaka 2020 na 13 mini mwaka 2021, wateja wale waliokuwa wakililia simu ndogo hawakuonekana dukani, na mwaka 2022 toleo jipya la mini halikuja. Kwa hiyo tusiwasingizie Tecno na Infinix peke yao. Sisi tulitaka kutazama mpira na tamthilia ndani ya daladala, tulitaka betri kubwa ya mAh 5,000 (mAh ni kipimo cha chaji inayobebwa na betri) isiyozima umeme ukikatika, na betri hiyo lazima ipate pa kukaa.

Mtafiti mmoja wa Marekani, Steven Hoober, aliwahi kuwatazama watu 1,333 barabarani, vituoni na viwanja vya ndege, akachapisha matokeo mwaka 2013. Asilimia 49 ya waliokuwa wakigusa vioo vyao walikuwa wakitumia mkono mmoja. Hiyo ni enzi ya simu ndogo kuliko yako, kwenye mabasi yenye nafasi kuliko yetu. Basi usijilaumu.

*

Dada, mimi nauza samaki Feri. Simu yangu kubwa nikiwa nyumbani haina tatizo, nikifika sokoni haisikii kabisa. Nikigusa huku inafungua kule. Juzi ilimpigia shemeji yangu saa kumi na moja alfajiri, mke wangu akataka maelezo. Fundi mmoja kasema nibadilishe kioo. — Muuza Changu, Magogoni

Kaka, usibadilishe kitu. Mwambie shemeji samahani, na huyo fundi mwambie nimekusalimia.

Chini ya kioo kuna mistari myembamba isiyoonekana yenye umeme mdogo sana. Kidole kikigusa, kinavuta kidogo ya umeme ule, simu inajua umegusa wapi. Maji nayo yanapitisha umeme, na maji ya chumvi ndiyo zaidi. Matone ya barafu ya samaki yakitapakaa kwenye kioo, simu inaona vidole kumi vya watu wasiokuwepo. Simu kubwa ya kisasa inaonewa zaidi kwa sababu kioo kimefika mpaka ukingoni: ukiishika tu, kiganja kilicholowa kimeshagusa. Simu za zamani zilikuwa na ukingo mpana wa kushikia, tukawa tunausema vibaya.

Tafuta kava lenye midomo iliyoinuka pembeni. Weka kitambaa kikavu cha pamba kwa ajili ya simu tu, usikichanganye na kile cha kufutia mizani. Alama ya kidole nayo ikilowa haifungui, tumia namba ya siri. Na kwa malipo, Lipa Namba yako iandike kwa herufi kubwa kwenye ubao, mteja alipe kwa simu yake mwenyewe, wewe usome ujumbe kwenye kioo kilichofungwa bila kugusa chochote.

Jingine. Umesema pia, nimelikata kwenye barua, kwamba simu ni ya IP68, ile alama ya kuhimili maji na vumbi, ndiyo maana huogopi maji. Iogope bahari. Vipimo vile vinafanywa kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Ikimwagikiwa na maji ya samaki, ifute kwa kitambaa kilicholowanishwa maji safi, ikaushe, na usiichomeke chaja mpaka tundu likauke kabisa. Chumvi na umeme vikikutana humo ndani vinakula miguu ya shaba. Mchele uache kwa ajili ya pilau. Hata Apple wenyewe mwaka 2024 waliandika kwamba simu isifukiwe kwenye mchele, vijipande vyake vinaweza kuiharibu.

*

Mwanangu fundi, mimi ni mstaafu, nipo Temeke. Wanangu wamenipa simu kubwa kwa sababu ya macho. Cha ajabu herufi ni zilezile, na mkono wangu unatetemeka kidogo. Naomba mwongozo. — Babu wa Wailes

Shikamoo baba. Wanao wana nia njema, ila kioo kikubwa hakikuzi herufi peke yake. Simu ikipewa nafasi zaidi inapenda kukuonyesha mambo mengi zaidi kwa maandishi yaleyale. Mwambie mjukuu aingie Mipangilio, Onyesho, atafute mambo mawili: Ukubwa wa Fonti, na ukubwa wa vitu vyote kwenye skrini. La kwanza linakuza maandishi, la pili linakuza vitufe na picha za programu. Ayavute yote mawili, si moja. Aongeze na maandishi mazito. Kisha akupe simu usome ujumbe wa benki ukiwa umekaa, mkono umenyooka kawaida. Ukiusogeza usoni, hajamaliza kazi.

Kwa kutetemeka, simu nzito si lazima iwe adui. Inatulia mkononi kuliko nyepesi, mradi uishike kwa mikono miwili na viwiko viegemee meza au mapaja. Kuna pia mpangilio kwenye sehemu ya ufikivu (kwa Kiingereza "Accessibility") unaoiamuru simu isubiri kidogo kabla ya kuhesabu kwamba umegusa kwa muda mrefu. Mjukuu autafute huohumo.

Kuna na ombi moja, baba. Simu hiyo isikae mfuko wa shati. Wazee wangu wawili wa mtaani wameniletea simu zilizodumbukia kwenye birika na kwenye ndoo wakati wa kuinama kutawadha. Simu ndefu inachungulia nje ya mfuko, na kichwa chake ndicho kizito, ukiinama inatoka yenyewe. Kanzu ina mfuko wa pembeni wenye kina, itie humo.

*

Mambo Dada Fundi. Simu yenye kingo zilizopinda au bapa? Nina hela ya moja tu. — Chuo Kikuu, Mlimani

Bapa. Kingo zilizopinda zinapendeza kwenye tangazo na zinapunguza hisia ya upana mkononi, hilo nakubali. Lakini kiganja kinagusa vitu hujavikusudia, protekta yake inataka gundi ya majimaji na taa ya kukaushia, na ikianguka inatua juu ya kioo badala ya fremu. Samsung wenyewe, walioanza na Note Edge mwaka 2014, wamekifanya bapa kioo cha S24 Ultra. Hiyo hela itakayobaki nunua kava, mdogo wangu, na usiandikie simu mezani ikiwa haina kava, itayumba juu ya lile nundu la kamera mpaka jirani yako wa darasani akuchukie.

*

Dada, mimi bodaboda wa Sinza. Simu yangu kubwa naifunga kwenye usukani nione ramani ya abiria wa programu. Siku hizi kamera inatetemeka na kunguruma, picha zote ukungu. Sijawahi kuiangusha. — Dereva, Sinza

Nakuamini hujaiangusha. Kamera za simu nyingi nzuri zina lenzi inayoelea, imeshikwa na sumaku na springi ndogo ili mkono ukitetemeka picha itulie. Mtikisiko wa injini ya pikipiki, hasa ya silinda moja kama yako, unapita kwenye usukani moja kwa moja hadi kwenye springi hizo, kila siku, kutwa. Apple walitoa onyo rasmi la jambo hili hasa Septemba 2021, wakitaja pikipiki zenye injini kubwa, na kwa pikipiki ndogo na skuta wakashauri kishikio chenye kupunguza mtikisiko. Simu kubwa hali yake mbaya zaidi, kwa sababu kishikio kinaibana katikati huku kichwa chenye kamera kikining'inia juu bila egemeo.

Kamera hiyo hairekebishwi, inabadilishwa nzima. Kabla ya kuibadilisha, hamisha simu. Kama una simu ndogo ya zamani isiyo na lenzi ya kuelea, ifunge hiyo kwenye usukani, uiunganishe na intaneti ya kubwa, na kubwa ikae mfuko wa ndani wa koti. Kama huna, nunua kishikio chenye mpira mnene kati ya usukani na simu, kishikio chenye kushika kona zote nne, na upange simu ilale kwa ubavu ili kamera isiwe ncha ya juu kabisa. Ifunike na jua pia. Saa saba mchana kwenye usukani betri inachemka, simu inapunguza mwanga yenyewe, na utashindwa kuiona ramani hata kama kioo ni inchi saba.

Ukija kubadilisha kamera, njoo asubuhi. Mchana hapa Aggrey hata pa kuegesha pikipiki hapapatikani.